Siku Tulipomfungulia Baba Mlango wa Maternité

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake halii kama wengine akisikia baridi. Ananyamaza. Hilo ndilo jambo la kwanza nataka mlijue, ninyi mnaoingia sasa katika kazi ya kuzalisha, mliovaa blouse nyeupe ambazo bado hazijaona doa. Mkikuta chumba cha watoto wadogo kiko kimya sana, msifurahi mkasema wamelala vizuri. Piteni kitanda kwa kitanda. Gusa tumbo, halafu gusa nyayo. Tumbo lina joto na nyayo ni baridi, mtoto ameanza kupoa. Tumbo lenyewe likiwa baridi, acha chai yako, acha hata simu ya mchumba wako. Kuna kazi.

Mimi ni Maman Aimérance. Nimewazalisha wanawake wa Bukavu tangu nikiwa msichana mwembamba mpaka magoti yakaanza kunilalamikia kila nikipanda vijia vya Kadutu. Sasa nimestaafu, maana yake nakaa nyumbani na majirani wananiletea matatizo yao yote. Juzi mmoja aliniita mbuzi wake ameshindwa kuzaa. Nilikwenda. Mbuzi alizaa, na hakunitukana hata kidogo, jambo ambalo siwezi kusema juu ya wanawake wote niliowahudumia.

Mmeniomba niwaeleze ile kanuni mnayoikuta ukutani, inayosema nani aingie chumba cha watoto wadogo na kwa ruhusa ya nani. Kwenu ni kitu cha kawaida kama sabuni. Kwetu haikuwa hivyo. Nilikuwepo ilipozaliwa, na nawaambia, ilizaliwa kwa shida kuliko watoto wengi.

Kwanza mjue tulikotoka. Nilipoanza kazi, mtoto mdogo wa namna ile tulimzungushia pamba kama yai la kusafirisha, tukampangia chupa za maji ya moto kandokando. Ukichelewa kubadilisha chupa, anapoa. Ukiharakisha, unamchoma. Baadaye tukapata couveuse, lile sanduku la kioo lenye joto. Tulilishangilia kama bibi harusi. Ila sanduku lilikula umeme, na umeme wa Bukavu mnaujua wenyewe, unakuja kama mgeni na kuondoka bila kuaga.

Ndipo daktari wetu mmoja alirudi kutoka mafunzo na habari ya kangourou. Mtoto anavuliwa nguo zote, anabaki na kofia, soksi na kitambaa cha haja. Analazwa wima katikati ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, anafungwa kwa kitenge. Joto la mama linakuwa couveuse yake, na mama hakatiki umeme. Ilitushangaza jinsi ilivyo rahisi, lakini hata kilicho rahisi kina namna ya kukiharibu. Mwanafunzi wetu mmoja alimhurumia mtoto, akamvalisha sweta mbili na shuka juu, ndipo akamweka kifuani kwa mama. Tulipogusa tumbo, mtoto alikuwa anapoa humo humo ndani ya sweta. Mwanafunzi akasema, "Lakini nilimuvalisha muzuri!" Wanangu, nguo haizai joto. Nguo inalinda joto lililopo. Anayezaa joto ni mtu.

Aliyekuwa mkubwa wetu katika maternité, yaani wodi ya wazazi, alikuwa Maman Régine. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kupasha mikono kabla ya kumgusa mwanamke, kuongea na mama mkwe kabla ya kuongea na mume, na kutosema kamwe "bado kidogo tu" kama hujui ni kidogo kiasi gani. Alikuwa mfupi, mpana, na alipotembea funguo zake zililia mfukoni, ukajua uache uvivu wako.

Na alikuwa na mlango wake. Juu ya mlango wa chumba cha watoto wadogo alikuwa ameandikisha kwa rangi nyekundu: MWANAUME HAPANA KUINGIA. Daktari peke yake aliruhusiwa, naye alikohoa kwanza nje. Siku moja alifika mkubwa mmoja wa jeshi na walinzi wake, ameshika sufuria la supu ya shemeji yake. Maman Régine alisimama mlangoni, kichwa chake kikifika kwenye vifungo vya koti la yule mtu.

"Supu itaingia, mon colonel," akasema. "Weye utabakia."

Akapokea sufuria, akafunga mlango. Sisi wadogo tulijificha nyuma ya kabati. Yule mkubwa alikaa uani pamoja na akina baba, akatazama dirisha.

Tulicheka sana baadaye, lakini msidhani ule mlango ulikuwa mchezo. Katika miaka ya vita walituletea wanawake kutoka kila upande, na wengine kati yao hawakuweza kusikia sauti ya mwanaume bila mwili kutetemeka. Maman Régine alikuwa amewaona. Niliwahi kumwambia kwamba sheria yake ni kali mno kwa baba wa watu. Alinijibu polepole, "Aimérance, hapa ndani njo pahali pamoja tu penye hawa bamama banafungaka macho na kulala. Nikifungulia moja, nitamuzuiya je wa pili?" 

Sasa niwaletee Murhula.

Murhula alikuwa fundi wa mawe. Zile kuta zinazoshika milima ya Kadutu ili mvua isiteremshe nyumba ya juu kwenye nyumba ya chini, nyingine ni mikono yake. Mtu mkubwa, mpole, mwenye viganja vigumu kama ganda la mti. Mke wake Noëlla alikuwa mshonaji wa nguo. Mimba yao ilikuwa ya mapacha, ikashindwa kungoja. Noëlla alifanyiwa operesheni, wakatoka wawili kabla ya wakati: Akonkwa, mvulana, na Ashuza, msichana. Ashuza ndiye aliyekuwa mdogo zaidi. Miguu yake ilikuwa kama vidole vyangu.

Noëlla alikuwa amepoteza damu nyingi. Alipopata nguvu ya kukaa, daktari alimruhusu kubeba mtoto mmoja kifuani, si wawili. Alipewa Akonkwa, na Ashuza akabaki kwenye couveuse.

Asubuhi moja umeme ukakatika. Fundi akawasha groupe, ile mashine ya kutengeneza umeme. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Fundi akaitazama kama mtu anayetazama maiti, akasema hatengenezi leo. Nikafungua blouse yangu, nikamweka Ashuza kifuani, nikaendelea na kazi.

Lakini ukiwa na mtoto kifuani huwezi kuinama kumzalisha mtu. Na katika chumba cha kuzalia wanawake wawili walikuwa karibu kujifungua, mwenzangu yuko peke yake, ananiita. Maman Régine naye alikuwa amebeba mtoto mwingine ambaye mama yake hajaamka kutoka operesheni. Dada zake Noëlla walikuwa mbali, Shabunda. Mama yake mzazi alishafariki. Mama mkwe wake, Mama Murhula, alikuwepo uani, lakini alikuwa na kikohozi kibaya na daktari alimkataza kuwakaribia watoto. Nilizunguka na yule mtoto natafuta kifua, kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga.

Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Murhula alikuwa amesimama nje, mahali pa akina baba. Alikuwa amesikia yote.

"Maman Aimérance," akasema. "Mi pia niko na kifua."

Nilimtazama, nikamtazama Maman Régine. Yeye alikwishatingisha kichwa.

"Hapana, Murhula."

"Maman, nitaingia, nitakaa, sitasema neno. Ule mutoto atakufa baridi na mi babake niko hapa na jasho."

"Nimesema hapana. Si juu yako. Weye uko mutu muzuri. Ni juu ya bale benye kulala humu."

"Basi baulize," akasema Murhula. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba maji.

Maman Régine aligeuka akavitazama vitanda. Nilimjua miaka mingi. Nilijua anapotazama kwa kukataa na anapotazama kwa kufikiri. Kisha akasema, "Njo vile. Chumba si yangu. Iko yabo. Tubaulize."

Akapita kitanda kwa kitanda, na yule mtoto wa watu kifuani mwake. Wa kwanza akasema aingie, mtoto asife. Wa pili akasema, "Aingie, lakini asituangalie wakati tunanyonyesha." Wa tatu akauliza kama ana nguvu, maana kitanda chake kina mguu uliolegea. Tukacheka. Noëlla alikuwa analia.

Mwisho kabisa, kwenye kona, alilala Nsimire. Naye alitoka pande za Shabunda. Watu wenye silaha walikuwa wamemtendea yale ambayo sitayarudia hapa. Ni habari yake, si yangu. Hatukumuuliza juu ya baba wa mtoto wake, na hilo nalo ni somo: si kila kitu kinachotufaa kukijua ni halali yetu kukiuliza. Nsimire alilala sikuzote ameuelekea ukuta, mtoto wake mvulana kifuani. Alipoongea na sisi ilikuwa ni ndiyo, hapana na aksanti.

Maman Régine alipiga magoti kando ya kitanda chake, na magoti yake hayakuwa mazima kuliko haya yangu.

"Nsimire, umesikia. Ukisema hapana, ni hapana, na hakuna mutu atakusemea kitu. Nitatafuta njia ingine."

 Mwenzangu akaita tena kutoka chumba cha kuzalia. Ashuza alikuwa anapumua juu ya mfupa wa kifua changu kama kifaranga.

Nsimire hakugeuka. Aliongea na ukuta.

"Alale kule kwa mulango. Mulango usifungwe." Akakaa kidogo. "Na akitaka kusimama, aseme mbele ya kusimama. Asisimame tu vile."

"Nitamuambia," akasema Maman Régine. Akanitazama. "Fungula."

Hivyo ndivyo baba wa kwanza alivyoingia. Lakini si kabla ya kuoga. Nilimwambia ajisugue vizuri, kwani vumbi la mawe lilikuwa mpaka kwenye nyusi zake. Alikimbilia bomba la uani, na kwa heshima ya binti yake akanunua getini sabuni ya waridi, ile yenye harufu inayofika kabla ya mtu. Nilipomweka Ashuza kifuani kwake, mtoto akapiga chafya. Ikabidi akaoge upya kwa maji matupu. Andikeni hilo vichwani: anayembeba mtoto mdogo awe safi, asinukie kitu. Mtoto anatafuta harufu ya mtu, hatafuti bustani.

Alipita mlangoni mara ya pili akasema kwa sauti ya kanisani, "Mi Murhula, ninaingia." Akakaa. Nikamfunga mtoto kwa kitenge, uso ukiwa pembeni, shingo isikunjamane, ili pumzi ipite. Nikamwambia, "Sasa usitikisike," nikakimbia kuzalisha.

Wale wanawake wawili walinipa kazi ya asubuhi nzima. Niliporudi, Murhula alikuwa ameketi kama nilivyomwacha, machozi yanamtoka, jasho linamtiririka.

"Una nini?"

"Miguu imekufa, Maman. Na ninataka kujisaidia tangu zamani."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulisema nisitikisike."

Chumba kizima kikacheka, hata Noëlla aliyeshika tumbo lake la mshono akiomba tumhurumie. Nimewafundisha wengi tangu siku ile, na siku zote namalizia hivi: ukimpa mzazi amri, mpe na maana yake. Mtu anayempenda mtoto wake atatii hata upumbavu wako.

Nilipenyeza mkono ndani ya kitenge. Tumbo la Ashuza lilikuwa na joto. Nyayo zilikuwa na joto. Nikasimama hapo na mkono wangu ndani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Akabaki. Aliposimama alisema, "Mi Murhula, ninasimama." Akitaka kugeuka, "Mi Murhula, ninageuka." Mwanzoni wanawake walimtazama kwa wasiwasi, baadaye wakaanza kumwitikia: "Geuka, papa!" Hata usingizini alifanya kazi yake, mwanamke mmoja aliapa kwamba alimsikia akisema, "Mi Murhula, ninalala."

Uani mambo yalikuwa mengine. Mama Murhula aliposikia mwanawe yuko ndani na mtoto kifuani, alipiga makelele mpaka wauza ndizi wa getini wakaja kuangalia.

"Mumemugeuza mutoto wangu mwanamuke! Mwanaume atabebaka mutoto kifuani? Munamuroga!"

Mwenzangu alitaka kutoka na kumweleza mambo ya kitaalamu. Nikamzuia. Mama mkwe humpi somo, unampa kazi. Nilimwita dirishani nikamwambia mwanawe afunue pembe ya kitenge. Bibi akachungulia, kanga kinywani kwa sababu ya kikohozi. Ashuza akapiga mwayo, ule mwayo wa mtoto mdogo unaochukua uso mzima.

Bibi akasogea karibu zaidi na dirisha. Kisha akamkemea mwanawe: "Si vile! Unamufunga sawa mufuko ya makaa! Vuta ile ncha, pitisha chini ya kwapa. Chini, nimesema!" Kesho yake alileta kitenge chake kizuri cha sikukuu, kipana, laini kwa kufuliwa, akasimama dirishani kuhakikisha kinafungwa anavyotaka yeye. Baada ya hapo hakukuwa na mlinzi mkali kuliko yule bibi. Akina baba wengine waliposimama uani na kumcheka Murhula, aliwauliza kama wao vifua vyao ni vya kuwekea vifungo tu.

Mafundi wenzake nao walimcheka. Walimpa jina, wakamwita Mama Murhula, jina la mama yake mzazi. Aliniambia hayo akiwa ameketi na mtoto. Nikamuuliza kama yanamuuma.

"Yananiuma kidogo," akasema. "Lakini nikifikiri, mwenye ile jina njo alinibeba mupaka nikakuwa fundi. Si jina mubaya."

Sitaki mdhani kila kitu kilikwenda vizuri. Mtoto mmoja wa chumba kile hakuishi, yule wa mwanamke aliyeuliza habari za mguu wa kitanda. Tulifanya yote tunayoyajua, na mapafu yake hayakuwa tayari. Murhula aliomba ruhusa, akasimama, akatoka nje na Ashuza kifuani, akaketi kwenye ngazi ili yule mama alie bila kumwona baba mwenye mtoto. Hakuna aliyemfundisha hilo.

Sasa sikilizeni jambo lililobadilisha kanuni, kwa maana si Murhula aliyeibadilisha.

Nsimire hakuwa na ndugu mjini. Kuoga kwake kulitegemea mimi au Maman Régine kupata nafasi ya kumshikia mtoto, na nafasi ilikuwa haba, kwa hiyo alijimwagia maji upesi na kurudi nywele zikiwa na povu. Ikafika siku ambayo hatukuwa na nafasi kabisa. Ilikuwa mchana, jua linaingia dirishani. Noëlla alikuwa amepata nguvu, siku hiyo watoto wote wawili wako kwake kunyonya, na kifua cha Murhula kilikuwa tupu. Mimi nilikuwa nakamulia mama mmoja maziwa kwenye kikombe.

Nikaona Nsimire amesimama katikati ya chumba, taulo begani, mtoto kifuani. Alikuwa anatazama upande wa mlango. Alipiga hatua, akasimama. Akapiga nyingine.

"Papa Murhula."

Mimi nikaacha kukamua.

"Mi Murhula, ninasikia," akasema yule mtu, na hakusogea hata kidogo. Safari hii hakuna aliyekuwa amemwambia asitikisike.

"Utanishikia mutoto? Niende kuoga."

Murhula aliitazama mikono yake. "Nitamushika. Mi Murhula, ninasimama kunawa mikono."

Alinawa. Akakaa. Nsimire akamkaribia kutoka upande, akamlaza mtoto wake juu ya kile kifua kipana, akafunga kitenge yeye mwenyewe, akarekebisha kofia. Fundo alilifunga vizuri. Akarudi nyuma mpaka mlangoni. Alitazama kwa muda. Halafu akaondoka.

Tulisikia maji.  Maman Régine alikuwa ameingia akaona. Aligeuza mgongo akaanza kufuta kabati ambalo lilikuwa limefutwa asubuhi. Maji yaliendelea kumwagika. Nsimire alikawia. Tangu aje kwetu, ilikuwa mara ya kwanza kukawia kuoga.

Habari kwamba kuna mwanaume analala maternité zilifika ofisi ya mkurugenzi, kutoka hapo zikafika kwa wakubwa wa afya wa jimbo. Tukaitwa. Nilivaa nguo ya misa. Maman Régine alikuja na blouse yake ya kazi na funguo mfukoni.

"Nani aliruhusu?" mkubwa wa kikao akauliza.

"Bamama benye kulala mu chumba," akasema Maman Régine. Akawasimulia yote: umeme, groupe, kona ya Nsimire, masharti yake, na ule mchana wa maji. Hakumtaja jina. Aliposimulia habari ya maji, mama mmoja aliyekuwa mezani alivua miwani yake akaifuta.

Hawakuwa watu wabaya. Waliuliza maswali ya haki. Mmoja alihofia walevi, mwingine aliuliza habari ya mapazia. Daktari wetu aliwaeleza hesabu ya joto na maziwa, wakakubali upesi kuliko nilivyotazamia. Mwisho wakataka kuandika kwamba baba anaruhusiwa kuingia kumbeba mtoto wake. Nilifurahi, nikadhani tumeshinda.

Maman Régine akainua mkono.

"Musiandike baba."

"Lakini Maman, si njo kitu unatuomba?"

"Hapana. Mukiandika baba, kesho kila baba atasimama kwa mulango na kusema ni haki yangu, hata ule mwenye kumupiga muke yake. Na mwenye hana bwana, mutoto wake atabebwa na nani? Andikeni: mutu mwenye mama atachagua. Na mama akikataa, hapana kuingia. Na bale bengine mu chumba baulizwe kwanza."

Walibishana. Mmoja alisema ni maneno mengi kwa karatasi ya ukutani. Maman Régine akamjibu kwamba ukuta wake ni mpana. Wakaandika alivyosema. Mulango usifungwe, wakaandika. Anayetaka kusimama aseme kwanza, wakaandika, ingawa yule mmoja alicheka. Akaelezwa upya, akaacha kucheka. Kwa hiyo mkisoma ile kanuni na kuona ina maneno ambayo hamjui yametoka wapi, msiruke hata moja. Kila neno pale lilisemwa na mtu aliyekuwa na sababu.

Maman Régine alifuta maandishi mekundu ya mlango kwa mkono wake. Alistaafu kabla yangu, ametangulia mbele ya haki, na nilisikia uchungu kama wa dada. Nsimire alibaki Kadutu, anauza samaki wa ziwani sokoni. Mtoto wake ana miguu mirefu na anajua kubishana bei. Akonkwa na Ashuza wanasoma. Noëlla ndiye aliyewashonea sare. Murhula bado anajenga kuta, ila sasa kila mke wa fundi mwenzake akizaa kabla ya wakati, wanamtuma yeye akamwambie baba mpya asinunue sabuni ya waridi.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona mke wa mpwa wangu aliyejifungua mtoto mdogo. Nilipanda taratibu, nikafika mlangoni pa chumba cha watoto wadogo, nikataka kuingia kama nilivyoingia maisha yangu yote. Mkunga mmoja kijana, mgeni kazini, akasimama mbele yangu. Hakunijua.

"Maman, samahani. Tubaulize kwanza."

Nilitaka kumwambia mimi ni nani. Badala yake nikarudi nyuma hatua moja. Akaingia, nikamsikia akiuliza kitanda kwa kitanda kwa sauti ya chini, bila haraka. Akarudi.

"Mama mumoja anasema bado kidogo. Anakamua maziwa, hataki mugeni. Mutangoja?"

"Nitangoja," nikamwambia.

Kwenye benchi alikuwepo kijana mmoja, kitenge kipya mapajani, miguu inacheza kwa wasiwasi. Alinisogezea nafasi. Nikamuuliza mtoto wake ni wa kwanza, akasema ndiyo. Nikamwomba anionyeshe jinsi atakavyomfunga. Alikosea, nikamrekebisha, akarudia, akapata. Tukakaa hapo wawili, tukangoja watuite.